Kisha masomo, kando ya ziwa: wakati moyo unaingia katika kazi

Wasomaji wetu wengi wako mbali na nyumba zao. Baba iko Misisi, Lulimba ao Kamituga, anashuka katika shimo. Mama pengine iko naye kule, anatwanga mawe. Watoto wakubwa wamebaki Uvira kwa shangazi ao kwa nyanya, kusudi wasome. Masomo ya primere ni bure katika shule za Leta tangu mwaka wa 2019, lakini segondari inalipwa, na feza ya karieri haina kalenda: mwezi huu shimo linatoa, miezi mitatu inayofuata watu wanakula deni. Kwa hiyo mutoto wa miaka 16 ao 17 anajitafutia kazi kidogo kisha masomo na siku ya posho. Anageuza ndagala Kalundu. Anauza inite na kupokea feza za telefone chini ya parasoli. Anaosha sahani katika restora ya Mulongwe ao anapanga vitu katika butiki ya Kavimvira.

Wakati wazazi wanauliza juu ya kazi hiyo, wanauliza mushahara, wanauliza saa ya kurudi, wanauliza kama masomo hayaharibike. Kuna jambo moja hawaulize, na ndilo linawakuta watoto wengi pale pale: mutoto anamupenda mwenzake wa kazi.

Tunasema kupenda kule kwa kwanza, kwa kimya. Mutoto aliyekuwa anaitwa mara tatu asubui, sasa anaamuka saa kumi na moja bila kuitwa. Anapasi shati ambayo saa moja kisha itanuka samaki. Kila jina analotaja akirudi nyumbani ni lile lile moja, na ukimuuliza juu ya ule mutu anasema: «Ah, nani? Ule? Hapana, ni mutu wa kazi tu.»

Wazazi wengine wanacheka. Wengine wanachukua fimbo. Tunataka kuonyesha kwamba kuna ulizo moja lenye maana kuliko kicheko na kuliko fimbo.

Kazi yenyewe ni namna gani

Tuchukue kazi ya ndagala, kwa sababu ndiyo inashika vijana wengi kuanzia Kalundu mupaka Kavimvira. Ndagala wanavuliwa usiku. Mitumbwi inaingia ndani ya ziwa na taa. Mwangaza unakusanya samaki, na wavu unavutwa kutoka chini. Asubui mitumbwi inarudi, bamama wanapatana bei kwa beseni, kisha kazi ya vijana inaanza: kubeba, kusafisha, kumwaga ndagala kwenye muchanga ao juu ya wavu uliotandikwa kwenye vitanda vya miti, kuwageuza, kufukuza kuku na ndege, kuangalia mawingu. Jua likiwa kali, wanakauka upesi. Mvua ikiwakuta inje, wanaoza, na mama anapoteza kapitali yake yote kwa saa moja.

Kazi hiyo haifanywe na mutu mumoja. Kitanda kina pande mbili, mumoja anasimama huku, mwingine kule, wanageuza samaki wakiangaliana. Mawingu yakija, wote wawili wanakimbia na beseni moja, kila mutu ameshika sikio lake. Sisi tuliokulia kando ya ziwa hili tuligeuza ndagala pia, na tulijua vizuri ni kitanda gani tulitaka kupewa.

Tena kazi hiyo inafuata mwezi. Mwezi ukijaa, mwangaza wake unashinda taa za wavuvi, ndagala hawakusanyike, na mitumbwi inapumuzika karibu juma nzima. Siku hizo hakuna kazi. Mama mwenye ndagala anahesabu hasara. Kijana aliyependa anahesabu siku, kwa sababu hana sababu nyingine ya kupita ule mutaa.

Juu ya nini inatokea kazini

Wazee watasema mutoto amelogwa, ao amepewa kitu katika chakula. Watu waliochunguza jambo hili wanaeleza kwa njia rahisi zaidi.

Mwaka wa 1968, mwalimu mumoja wa chuo kikuu huko Marekani, Robert Zajonc, alitangaza majaribio yake. Aliwaonyesha watu vitu wasivyovijua: maneno yasiyo na maana, alama zinazofanana na maandiko ya Kichina, picha za sura za watu wageni. Picha zingine waliziona mara moja ao mbili, zingine mara 25. Kisha aliwauliza wanaonaje vile vitu. Walipenda zaidi vile walivyoona mara nyingi, hata kama hakuna mutu aliyewaambia neno nzuri juu yavyo. Basi, mutoto anayesimama mbele ya sura moja kila siku ya posho, saa ine ao tano, kwa miezi minane, hahitaji dawa ya muganga.

Mwaka wa 1974, wachunguzi wawili, Donald Dutton na Arthur Aron, walitangaza majaribio waliyofanya huko Kanada kwenye daraja la Capilano, karibu na Vancouver. Daraja hilo linaning'inia kwa kamba karibu mita 70 juu ya muto, na linayumba. Musichana mumoja aliwasimamisha wanaume waliokuwa wanalivuka, akawauliza maulizo, akawaachia namba yake ya telefone. Alifanya vile vile kwenye daraja lingine, fupi na la nguvu. Wanaume wa daraja la kuogopesha ndio waliomupigia simu kwa wingi. Wale wachunguzi walieleza hivi: moyo ulikuwa unapiga mbio kwa sababu ya woga, lakini mwenye moyo alifikiri unapiga kwa sababu ya musichana.

Hapa Uvira, moyo hauhitaji daraja la Kanada ili upige mbio. Tuko na upepo wa ziwa unaopindua mitumbwi. Tuko na usiku wa masasi. Mwezi wa 4 mwaka wa 2020, muto Mulongwe ulitoka njiani na kubomoa nyumba kwa maelfu, na vijana waliopitisha usiku ule pamoja wakibeba watoto na magodoro hawakuangaliana tena sawa mbele. Watu waliotetemeka pamoja, waliokimbia mvua pamoja na beseni moja, wanasikia kama wanajuana kuliko watu wote.

Hii haina maana kama mapendo ya kijana ni ya uongo. Ina maana yanaweza kuja bila mutu kuyatafuta, na bila ule anayependwa kujua hata kidogo. Kwa hiyo hakuna mutu wa kupigwa kwa sababu moyo wake umepiga.

Wakiwa wa rika moja

Kwa wengi, jambo linaishia kimya. Mwaka wa masomo unaisha, mumoja anahama, juma la mwezi kujaa linapita na mutoto anaona kumbe alizoea tu. Kama hakuzoea tu, siku moja atasema. Kwa kijana anayesoma hapa juu ya bega la baba yake, tuko na maneno machache.

Sema mara moja, kwa kinywa, mahali watu wanapita. Mesaji ya telefone inasomwa na kitanda kizima cha ndagala mbele ya saa sita. Usimutume mudogo wake, wala ule mama muuza vitumbua.

Akikubali, kazi inabaki kazi. Usibebe beseni lake kila siku, kwa maana mama mwenye ndagala ataona mutu mumoja anachoka na mwingine anapumuzika, na atafukuza mumoja.

Akikataa, amekataa. Siku ya posho itarudi na mutasimama tena pande mbili za kitanda kimoja. Musalimie sawa jana. Usimunyime sikio la beseni. Ule aliyekukatalia hakuharibu kitu chako chochote. Ukianza kumutukana mbele ya wengine, wewe ndiye unaharibu kazi yake.

Na feza. Hapa ndipo hasara inaingia kimya. Kijana anapokea mushahara wa juma, ananunua inite ya mwenzake, soda, kitambaa, na minervali inabaki bila kulipwa mupaka jina lake linasomwa mbele ya darasa na anarudishwa nyumbani. Feza ile ilitoka katika usingizi wake na katika mugongo wake. Mwenzake anayemupenda kwa kweli hatataka afukuzwe shule juu ya soda.

Lakini kwa wazazi tuko na neno lililo nzito zaidi. Habari ikijulikana kama fulani anamupenda fulani, nyumbani kunaamuliwa nini? Tumeona mara nyingi: musichana anaambiwa asirudi tena kazini. Kijana anabaki na kitanda chake, na mushahara wake, na jina lake. Musichana anakaa nyumbani, anapika, anapoteza feza aliyokuwa analipia masomo, na mwaka unaofuata famili inasema hakuna njia ya kumurudisha shule. Pengine yeye hakupenda mutu yeyote. Pengine yeye ndiye aliyependwa tu, na hakuambiwa. Amelipa mushahara wake wote kwa jambo lililokuwa katika kichwa cha mutu mwingine.

Kama ni lazima kubadilisha kitu, badilisha kitanda. Mama mwenye ndagala anaweza kupanga mumoja huku, mwingine kule. Kazi ya musichana isiuawe kwa sababu ya moyo wa kijana.

Anayependwa akiwa ndiye analipa

Sasa tunafika kwenye ulizo tulilolisema pale mwanzo. Kabla ya kuuliza «anakupenda?», uliza: «Nani anamulipa nani?»

Ndugu wachimbaji, hapa nyinyi munaelewa kuliko watu wa muji. Katika karieri kuna mwenzako unayechimba naye, na kuna PDG mwenye shimo, anayetoa chakula na kuandika deni. Mwenzako ukimukatalia jambo, mutanuniana siku mbili, kisha mutagawa sigara. PDG ukimukatalia, kesho shimo halikujue tena, lakini deni bado linakujua. Wewe mutu muzima mwenye nguvu, unapima maneno mara mbili mbele ya kumwambia hapana. Basi fikiri mutoto wa miaka 16 mbele ya mwenye butiki, mbele ya kesie, mbele ya ndugu ya patro anayekaa na ufunguo.

Na tusidanganyane: mutoto anaweza kumupenda mutu kama huyo kwa kweli. Ni mukubwa, anajua kusema, telefone yake ni nzuri, anamutetea wakati mukiriya anamutukana. Mutoto anaweza hata kuwa wa kwanza kusema. Hiyo haibadilishe kitu kwa upande wa mutu muzima. Kazi yake ni kukataa kwa heshima, bila kumuchekesha mbele ya wengine, na kumulipa mwisho wa juma mushahara ule ule.

Sheria ya Leta iko wazi. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya kulinda mutoto inasema kila mutu ambaye hajatimiza miaka 18 ni mutoto. Kwa kawaida hapana ruhusa ya kumuandika kazi mbele ya miaka 16. Kati ya 16 na 18 anaweza kupewa tu kazi nyepesi, isiyoharibu afya yake. Sheria hiyo hiyo inakataza kuchumbia na kuoza watoto. Na sheria ya tarehe 20 Julai 2006 juu ya ubakaji inasema kulala na mutu wa chini ya miaka 18 ni ubakaji, hata kama yeye mwenyewe alisema ndiyo. «Alikubali» haiko jibu mbele ya muamuzi. «Tulipatana na famili yake» haiko jibu pia: mbuzi, ngombe ao bahasha iliyotolewa nyumbani haifute kosa. Sheria ya 2006 inapiga pia ule anayetumia ukubwa wake wa kazi kumusumbua mutu ili amupe mwili.

Kuna alama ambazo shangazi ao mama mukubwa anaweza kuona bila kuwa polisi. Mushahara unacheleweshwa kwa mutoto mumoja tu, na anaambiwa aufuate jioni. Ao analipwa zaidi kuliko wenzake kwa kazi ile ile. Anaambiwa abaki nyuma kufunga, wengine wakiwa wamekwenda. Anarudi na telefone mupya ambayo hataki kueleza. Ameacha kutaja jina alilokuwa anataja kila siku. Alama moja haitoshe kumushitaki mutu. Inatosha kwenda pale, kusalimia, kukaa kidogo kwenye kiti, na kuonekana. Patro akijua mutoto ana watu wanaokuja, anamuangalia namna nyingine.

Na kama baya limekwisha kutokea, usingoje baba atoke karieri. Mutoto apelekwe lopitali mbele masaa 72 hayajapita, kwa sababu dawa za kuzuia SIDA zinapaswa kuanzwa ndani ya muda huo, na mapema zaidi ni bora. Asioge na asifue nguo alizovaa mbele ya kumuona dokta. Kisha polisi inayoshugulika na watoto, kisha parke. Maneno ya kumugombeza, kama mulikuwa nayo, muyaache kabisa.

Kwa telefone, kutoka karieri

Baba atasema: mimi niko huku juu, rezo inapatikana tu kwenye kilima, nitafanya nini?

Kwanza, ujue kama katika desturi zetu nyingi maneno haya hayakuwa ya baba. Yalikuwa ya shangazi, ya nyanya na ya babu. Babu anaweza kumufanyia mujukuu mizaha juu ya mapendo, akamuita «bibi yangu» ao «mume mwenzangu», na katika kicheko mutoto akasema kile ambacho hangesema mbele ya baba yake hata kwa fimbo. Njia hiyo bado iko. Iliharibika tu kwa sababu nyanya iko Fizi, mutoto iko Uvira, baba iko Misisi. Kwa hiyo mupigie simu shangazi anayelala na mutoto, umwambie wazi: «Dada, maneno ya kazi na ya moyo, nimekupa wewe. Akikuambia kitu, usinipigie simu kesho yake kuniambia nimuchape.» Bila neno hilo, shangazi anaogopa kubeba siri, na siri inabaki bila mutu wa kuibeba.

Kisha, ukimupata mutoto mwenyewe, uliza kwa mupango huu. Uliza kwanza juu ya kazi: munafanya wangapi, nani iko karibu na wewe, munacheka nini? Mutoto anayependa atataja jina bila kuulizwa, lisikie, usilirukie. Kisha uliza juu ya mushahara: unalipwa na nani, siku gani, unapokelea wapi, mbele ya nani? Kisha, mwishoni, mwambie neno hili hata kama hakuuliza: «Kama mutu yeyote pale anataka kitu kingine juu ya ile feza, unaacha kazi siku ile ile, na mimi sitakuuliza feza imekwenda wapi.»

Neno hilo la mwisho ndilo baba wengi wanasahau. Mutoto anajua minervali inangojewa. Anajua baba iko katika shimo na filo haijaonekana. Anafikiri akipoteza kazi ataiangusha nyumba nzima, na ndiyo sababu anavumilia ufunguo unaozungushwa mulangoni. Lazima asikie kutoka kinywa chako kama yeye ni bei kubwa kuliko ile kazi.

Kama shangazi anajibu kwamba hakuna kitu cha kuogopa, ni mutoto wa rika lake tu, wa upande wa pili wa kitanda, anayepasi shati kila siku ya posho, basi shukuru. Mutoto wako anajifunza kusimama karibu na mutu anayemupenda na kuendelea na kazi yake mupaka jua lishuke. Wakubwa wengi hawajajua hata sasa kufanya hivyo.

Angalia mbingu usiku huu. Kama mwezi umejaa, mitumbwi imelala, na kando ya ziwa hakuna kazi juma hili. Mutoto iko nyumbani. Panda kilima cha rezo, umupigie.